SAWA: NENO LINALOUZA ARDHI KIBAHA NA KISARAWE



Leo naomba tuzungumzie neno moja tu. Halina gharama kulitamka, linatoka mdomoni kabla hujafikiri, na kwa siku moja unaweza kulisema mara hamsini bila kujua. Neno lenyewe ni SAWA. Lina ndugu zake: "haya", "ndiyo mzee", "tutaona", "hakuna shida", na yule kaka yao mkubwa ambaye hata si neno, KUNYAMAZA.

Tukiongelea migogoro ya ardhi huku Pwani huwa tunakimbilia haraka kwenye ufisadi, madalali matapeli na viongozi wanaouza eneo moja kwa watu watatu. Yote hayo yapo, sibishi. Lakini kuna kitu kinatangulia kabla ya utapeli, na chenyewe hakina mshitakiwa. Watu wawili wanakaa chini, wanaongea Kiswahili kile kile, wanaelewana kila neno, halafu kila mmoja anaondoka na makubaliano tofauti kichwani. Miaka mitano baadaye wanaitana wezi.

Hapo ndipo nataka tuangalie. Saikolojia ya maneno ya kila siku. Usiogope hilo neno saikolojia, twende taratibu.

SAWA ZIKO NGAPI?

Hebu jisikilize mwenyewe siku moja. Konda anakwambia "sogea nyuma braza, nafasi ipo", unasema sawa, na husogei. Sawa hiyo maana yake ni nimekusikia, niache. Maza anakutuma dukani, unasema sawa na unaenda, hiyo sasa ni sawa ya kweli. Mshikaji anakuomba elfu kumi, unamjibu "sawa, ngoja nicheki halafu nitakwambia", na nyote wawili mnajua hapo elfu kumi haipo. Umeomba kazi mahali, unaambiwa "sawa, tutawasiliana". Mpaka leo hamjawasiliana. Mwingine anapigiwa simu yuko wapi, anajibu "niko njiani, nimeshafika Kiluvya", kumbe ndo kwanza anatafuta soksi.

Je, hawa wote ni waongo? Hapana. Ni watu wenye adabu. Pwani tumelelewa kwamba kumkatalia mtu mzima usoni ni kumvunjia heshima, na ukimkatalia mgeni ndio kabisa. Kwa hiyo "hapana" yetu tukaivalisha kanzu. Inapita inasalimia watu, inaitwa "tutaona" au "inshallah" au "sawa". Anayeijua anaijua. Wahenga walishasema, funika kombe mwanaharamu apite.

Wataalamu wawili wa lugha, Penelope Brown na Stephen Levinson, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1978, na mwaka 1987 likatoka kama kitabu kinachosomwa mpaka leo. Hoja yao ni kwamba kila binadamu anapoongea anafanya kazi mbili kwa mpigo: anapeleka ujumbe, na analinda uso. Uso wake na uso wa mwenzake. Sisi hatukuhitaji kuambiwa hilo. Kiswahili kina "sina uso wa kuonana naye", kina "kaniumbua mbele za watu". Tunajua kabisa kwamba mtu anaweza kupoteza uso hali kichwa bado kiko shingoni.

Mwingine ni John Austin, mwanafalsafa wa Oxford. Mwaka 1955 alitoa mihadhara kule Harvard, ikachapishwa kitabu mwaka 1962 akiwa ameshafariki. Yeye alisema kuna maneno ambayo hayaelezi kitu, yanafanya kitu. Ukisema "mvua inanyesha" umetoa habari. Ukisema "naahidi" umefanya tendo, ahadi imezaliwa pale pale. Hili nalo Pwani tunalijua kuliko yeye. Mwanaume akitamka "nimekuacha", nyumba imevunjika kwa pumzi moja. Na kwenye posa, binti akiulizwa akanyamaza, wazee husema kakubali. Kimya chake kimefanya tendo.

Sasa swali langu ni hili. Kwenye mkutano wa kijiji, mgeni amekuja anataka ardhi, wazee wanasema "sawa" na wengine wananyamaza. Hiyo sawa imefanya tendo gani? Imesikia, au imeuza?

KISARAWE NA HADITHI YA MIBONO

Turudi kwenye kisa kinachojulikana. Katikati ya miaka ya 2000 dunia ilishikwa na homa ya mafuta yatokanayo na mimea. Bei ya mafuta ya petroli ilikuwa inapanda, mpaka Julai 2008 pipa moja likavuka dola 140. Wakubwa wa dunia wakaanza kutafuta ardhi ya kulima mafuta, na Afrika ikatajwa kuwa na ardhi "tupu". Kisarawe ikaingia kwenye ramani hiyo.

Kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ikaja kutafuta eneo la kulima mibono, ile ambayo sehemu nyingine inaitwa mibono kaburi. Ikapata zaidi ya hekta 8,000, yaani karibu ekari 20,000, kwa mkataba wa miaka 99. Ardhi hiyo ilitoka kwenye vijiji zaidi ya 10 vya wilaya ya Kisarawe, vikiwemo Mtamba na Marumbo. Shamba likafunguliwa, mamia ya watu wakapata ajira. Mwaka 2011 kampuni ikaishiwa pumzi, wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani, na mradi ukauzwa kwa mwekezaji mwingine.

Baada ya hapo waandishi wa habari na watafiti walipita sana vijiji vile, na wanakijiji wakarudia malalamiko yale yale: tuliahidiwa visima, tuliahidiwa zahanati, shule, barabara na ajira. Ardhi imeenda, fidia ilikuwa ndogo, na ahadi hatuzioni.

Wengi walisoma habari hiyo kama kisa cha mzungu mwenye hila na mwanakijiji asiyejua kitu. Mimi nasema hapana, wanakijiji walikuwa wanajua mambo mengi sana. Walikuwa wanajua sheria moja ya zamani kuliko Bunge, AHADI NI DENI. Kwa mila ya kijiji, mtu mzima akisimama mbele ya wazee, watu wanamsikia, akasema "tutawachimbia kisima", huo ndio mkataba. Mashahidi ni umati mzima. Ukimwambia sasa "hebu liandike hilo", umemtukana, umemwambia mbele za watu kwamba humwamini. Nani atafanya hivyo kwa mgeni aliyekuja na viongozi wa wilaya?

Kwa upande wa pili, dunia ya kampuni ina sheria yake. Kilichomo kwenye mkataba ndicho kilichosemwa, na kisichomo hakikusemwa hata kama kijiji kizima kilikisikia. Mgeni anaposema "tutawachimbia kisima" mkutanoni, kwake hayo ni maneno ya kufungulia mazungumzo, kama salamu.

Mnaona hapo? Adabu iliingia pande zote mbili. Mgeni aliongea ahadi kwa adabu, akimaanisha "tuanze vizuri". Mwenyeji alisema sawa kwa adabu, akimaanisha "tumekusikia, karibu". Tofauti ni kwamba ahadi za mgeni zilibaki hewani, lakini sawa ya mwenyeji iliandikwa kwenye muhtasari na kupigwa mhuri. Neno la upande mmoja likawa moshi, la upande mwingine likawa jiwe.

PORI NI LA NANI?

Kuna neno jingine lilifanya kazi kubwa hata kabla ya mkutano. PORI.

Muulize bibi yeyote wa Maneromango au Mzenga, pale nyuma ya mashamba pana nini? Atakwambia "pori tu hilo". Ukikaa naye mchana kutwa utagundua "pori tu" ndiko anakotoa kuni, ndiko mjukuu anachoma mkaa wa kulipia ada, ndiko kuna dawa ya tumbo, uyoga wakati wa mvua, asali, udongo wa kujengea na pengine makaburi ya wazee. Pia ndiko shamba litakakohamia la sasa likichoka. Hilo pori ni ghala, duka la dawa na benki kwa pamoja. Lakini kwa lugha ya kila siku, na kwa unyenyekevu ule ule wa kutojisifia mali, analiita "pori tu".

Mgeni akisikia "pori tu" anaandika kwenye karatasi: ardhi isiyotumika. Na hapa wadau sikilizeni vizuri, maana maneno hayo yana meno ya kisheria.

Tuna sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Ardhi ya nchi hii imegawanywa mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Sheria Namba 4 inapoeleza ardhi ya jumla ni nini, inaongeza kwamba ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Namba 5 yenyewe, ile ya vijiji, haina nyongeza hiyo. Wanasheria wamebishana juu ya sentensi hiyo miaka mingi. Tafsiri yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba ukikubali kuita ardhi yako "haitumiki", umempa mtu mwingine pa kushika kabla hajatoa senti.

Tena sheria hizi zilipitishwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya kufanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama yalipita Bungeni mwaka 2021. Kwa hiyo "pori tu" la bibi lilisafiri likavuka lugha nzima, na huko lilikofika lilipewa maana ambayo bibi hakuitoa. Huyu bibi hakusema hatulitumii. Alisema ni la kawaida kwetu.

Sheria hiyo hiyo ya vijiji inasema ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa kuwa ya jumla, kama ni hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano. Kwa kifupi, sauti ya mkutano ina uzito kisheria. Na ikishahama imehama, kampuni ikifunga virago ardhi hairudi kijijini yenyewe kama ng'ombe wa jioni.

Kwa hiyo tuuingie huo mkutano.

OYEE!

Mkutano wa hadhara kwetu unaanzaje? "Kijiji oyee!" "Oyeeee!" "Maendeleo oyee!" "Oyeeee!" Hatujakaa vizuri, tayari tumejibu mara sita, na kila mara jibu sahihi lilikuwa moja tu. Mdomo umeshazoeshwa. Kisha anakuja mgeni, anapigiwa makofi, anaeleza, anapigiwa makofi tena. Mwenyekiti anasimama: "Ndugu wananchi, si tumekubaliana?" "Ndiyoooo!" Hilo ndiyo limetoka kwenye akili, au kwenye mdundo?

Kuna mtafiti wa Marekani, Solomon Asch, alifanya jaribio maarufu miaka ya 1950. Aliwaonyesha watu mstari mmoja, halafu mistari mitatu, akawauliza upi unalingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi, hata mtoto wa chekechea angepata. Lakini chumbani, wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa sauti. Huyo mmoja asiyejua, akiwasikia wenzake wote wanasema vile, alifanyaje? Kwenye maswali yale ya mtego, zaidi ya theluthi moja ya majibu yalifuata umati, na karibu robo tatu ya watu walifuata umati angalau mara moja. Macho yanaona hivi, mdomo unasema vile.

Sasa fikiria mistari haina heshima ya kulinda, haina mjomba mbele, haina mkuu wa wilaya kwenye kiti cha plastiki, haina njaa. Kama watu walishindwa kusema ukweli juu ya mstari, kijana wa miaka 22 aliyesimama nyuma chini ya mkorosho ataweza kusema "mimi sikubali" mbele ya babu yake? Na yule mama aliyekaa pembeni na mtoto mgongoni, ambaye sheria ya vijiji inasema haki yake kwenye ardhi ni sawa na ya mwanaume, lini amesikika?

Lakini Asch aligundua kitu cha pili ambacho watu hawakitaji sana. Akimweka mtu MMOJA tu mwingine chumbani anayesema jibu la kweli, ule woga unaanguka vibaya sana. Theluthi inashuka mpaka kama asilimia tano. Mmoja tu. Hahitaji kuwa mwanasheria wala mkali. Anatakiwa aseme anachokiona, na wengine wanapata pumzi. Mtakumbuka hilo tukifika mwisho.

KIBAHA: PORI, SHAMBA, KIWANJA

Sasa tuhamie Kibaha, maana kule hakuji kampuni moja kubwa, wanakuja watu wadogo wadogo maelfu. Dar imejaa, watu wanasukumwa kufuata barabara ya Morogoro. Barabara ya njia nane imetoka Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na stesheni ya Soga iko huku huku wilaya ya Kibaha. Kwala kuna bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025. Kila kimoja kati ya hivyo kikitangazwa redioni, bei ya ardhi inasogea.

Dalali wa ardhi ni mwanasaikolojia ambaye hajaenda chuo. Msikilize. Akiwa kwa mzee mwenye eneo anasema: "Mzee hili pori lako lipo tu, nyoka watupu, bora upate hela ya kula." Akitoka hapo anapiga simu kwa mteja wa mjini: "Bosi, nina kiwanja, tambarare, umeme upo jirani, lami dakika tano." Eneo ni lile lile na siku ni ile ile. Kwa mwenye nacho ni pori, kwa mnunuzi ni kiwanja, na katikati ya maneno hayo mawili ndipo dalali anapokula. Hakusema uongo. Nyoka wapo, na lami ipo. Alichagua tu nani asikie kipi.

Jina ndio bei ya kwanza. Mtu anayesema "nauza pori" ameshashusha bei kabla hajatajiwa bei. Ndio maana napata wasiwasi nikisikia ule usemi wa mjini kwamba watu wa Pwani, Wazaramo na Wakwere, ni wavivu, wanapenda ngoma, wanauza ardhi wanaolea. Kama utani, sawa, tuna watani wetu na tunacheka nao, ni haki yetu ya zamani. Lakini neno "wavivu" linafanya kazi ile ile ya neno "pori". Ukishasema mwenye ardhi ni mvivu, kuichukua kwa bei ya kutupa kunaanza kuonekana kama kumsaidia.

Kuna neno la tatu, MVAMIZI. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara mpaka Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya eneo la hifadhi ya barabara. Kiluvya ndipo Ubungo, Kisarawe na Kibaha zinapopakana, kwa hiyo watu wa huku waliyaona kwa macho. Sitaki leo kuhukumu nani alikuwa na haki kisheria. Nataka mtazame maneno tu. Waliobomolewa walijiita "wakazi". Waliobomoa waliwaita "wavamizi". Mkazi akibomolewa watu wanauliza atalala wapi. Mvamizi akibomolewa watu wanauliza kwani alienda kufanya nini pale. Huruma yetu ilifuata jina, hata kabla hatujauliza mtu alijenga lini na nani alimwonyesha mpaka.

Na ndani ya nyumba je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanandoa hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukiuliza jinsi ridhaa hiyo ilivyopatikana, mara nyingi utaambiwa "mama alikuwepo, hakusema kitu". Tumerudi kwenye kimya cha binti wa posa. Tofauti ni kwamba kwenye posa kuna shangazi na somo wanaokaa na binti chumbani kumuuliza taratibu, unataka kweli? Kwenye kuuza kiwanja shangazi hayupo. Tumechukua kimya cha mila tukaacha ulinzi wa mila.

MTANIAMBIA...

Najua wapo watakaosema, ah wewe unatafuta mchawi kwenye maneno, watu wanauza kwa sababu ya shida. Kweli, shida ipo. Mtu ana mgonjwa hospitali ya Tumbi, hana muda wa kuchagua maneno. Lakini mwenye shida ndiye anayehitaji zaidi kuuza ekari moja kwa bei ya kiwanja kuliko ekari tatu kwa bei ya pori. Shida inamlazimisha auze. Haimlazimishi auze kwa jina la mnunuzi.

Wengine watasema dawa ni kuacha huu upole wa Kipwani, tuwe wakali. Hapo nakataa kabisa. Upole huu umefanya watu wa makabila yote ya nchi hii wakae Kibaha na Kisarawe bila kuulizana umetoka wapi. Mgeni njoo mwenyeji apone, hilo si kosa. Kosa ni kuruhusu upole uandikwe kama sahihi. Adabu inafanya kazi pale pande zote mbili zinapoishi ndani yake. Mshikaji wako anajua "ngoja nicheki" ni hapana, kwa hiyo haendi mahakamani kukudai elfu kumi. Lakini unapoongea na mtu ambaye karatasi yake haielewi adabu, unatakiwa umtafsirie.

Na msidhani hili ni la wazee wa Kisarawe peke yao. Wewe uliyekaa hapo kwenye kompyuta, ni mara ngapi umebonyeza "nakubali" chini ya maelezo marefu bila kusoma hata mstari? Ile ni "sawa" ile ile. Tunataka kupita mlango, tunasema sawa, tunasonga.

SASA TUFANYEJE?

Sina mradi wala wafadhili. Nina maneno tu, kwa kuwa ugonjwa ni wa maneno.

Kwanza, tutenganishe masikio na mkono. Kiswahili kina njia safi ya kufanya hivyo bila kumkosea mtu: "Tumekusikia mgeni, tunakushukuru. Hatujakubali wala hatujakataa. Tutajibu siku fulani." Hapo hakuna tusi. Na hakikisha muhtasari unaandika hivyo hivyo: wananchi WAMESIKIA. Kati ya kusikia na kukubali kuna ekari nyingi sana.

Pili, ahadi irudiwe kwa sauti na iandikwe. Kama kumwambia mgeni "andika" ni kumvunjia heshima, kuna njia ya adabu: "Mzee, maneno yako ni mazuri mno, tunaogopa kuyasahau. Tuyaandike ili wajukuu nao wayasome." Nani atakataa? Akikataa, basi ameshajibu swali ambalo hamkuthubutu kumuuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tuache neno pori. Sema "msitu wetu wa kuni", sema "eneo la akiba la ukoo", sema "shamba lililopumzishwa". Hata kama unauza, uza kitu chenye jina. Na muulize dalali mbele ya shahidi: kwa mnunuzi umeliita nini?

Nne, ule mmoja wa Asch. Kila mkutano unahitaji mtu mmoja tu wa kunyoosha mkono na kuuliza swali la kawaida. Si lazima upinge. Sema: "Samahani mwenyekiti, shikamooni wazee wangu, mimi sijaelewa, mradi ukifa ardhi inarudi kwa nani?" Swali hilo halivunji uso wa mtu yeyote, anayeuliza amejishusha mwenyewe. Lakini likishaulizwa, theluthi ya watu waliokuwa wanaitikia mdundo watakumbuka kwamba nao walikuwa na swali.

Tano, na hili ni letu vijana. Hati nyingi za mauziano za Kibaha, Mlandizi na Kisarawe mjini zinachapwa wapi? Kwenye steshenari na sehemu hizi hizi za intaneti. Anayechapa ni dogo wa miaka ishirini, anayesubiri nje ni mzee na fimbo yake, na anayesema nini kiandikwe ni dalali. Dogo, kabla hujabonyeza kuchapisha, msomee mzee kwa sauti. Yote, kuanzia ukubwa, mipaka, bei mpaka majirani. Mwulize, "Babu, hivi ndivyo ulivyosema?" Haikugharimu kitu zaidi ya dakika tatu. Na akikujibu "sawa mjukuu wangu", usichape bado. Mwulize tena: sawa umesikia, au sawa umekubali?

Naomba kuwasilisha. Uwanja ni wenu wadau, hasa mlioko Maneromango, Mzenga, Mlandizi, Soga na Kwala. Huko kwenu eneo la nyuma ya mashamba mnaliitaje, na wanaokuja kulinunua wanaliitaje?